Kura Sita, Darasa Moja

Matokeo ya uchaguzi wa Agosti 9, 2022 katika Kaunti ya Taita Taveta yanafaa kusomwa yote kwa pamoja. Kwenye urais, Raila Odinga wa Azimio aliongoza. Kwenye ugavana, wananchi waliwaruka wagombea wa vyama wakamchukua Andrew Mwadime, mgombea huru aliyekuwa mbunge wa Mwatate. Useneta ulibaki kwa Jones Mwaruma wa ODM. Kiti cha mwakilishi wa kike kilirudi kwa Lydia Haika, safari hii kwa tiketi ya UDA, chama cha mpinzani wa Raila. Voi ikampeleka bungeni Abdi Chome wa Wiper, Mwatate ikampeleka Peter Shake wa Jubilee.

Wanasiasa waliokuwa wakizunguka na wito wa "suti", yaani chama kimoja kutoka rais hadi mwakilishi wadi, hawakusikilizwa huku. Mpiga kura wa Taita Taveta alipokea karatasi sita akazipima moja moja. Hilo ni jambo la kujivunia, na ndilo linalofanya suala la kujiandikisha kuwa zito kuliko linavyotangazwa. Kenya ina njia moja tu ya kupiga kura: ufike mwenyewe, siku hiyo hiyo, kwenye kituo kile kile ulichojiandikisha. Hakuna kura ya posta, hakuna kura ya mapema, hakuna kumtuma ndugu akupigie. Kwa hiyo siku unayokaa mbele ya karani wa usajili na kutaja jina la kituo, umeshaamua nusu ya kura yako bila kujua wagombea watakuwa nani. Maswali yote yanayofuata yanatokana na hapo: nani atazipata karatasi zote sita, nani atapata moja, na nani hatapata hata moja ingawa jina lake limo kwenye sajili.

Tuanze na mlango wenyewe. Kifungu cha 83 cha Katiba ya 2010 hakina masharti mengi: uwe raia mtu mzima, usiwe umetangazwa kuwa na akili isiyo timamu, na usiwe umepatikana na hatia ya kosa la uchaguzi katika miaka mitano iliyopita. Kifungu hicho hicho kinaongeza kuwa mipango ya usajili na uchaguzi iundwe ili kumrahisishia mwananchi, isimnyime haki yake. Ukisoma maneno hayo unaona nchi nzuri sana. Halafu unafika kwa karani naye anakuuliza: kitambulisho kiko wapi?

Bila kitambulisho cha taifa au pasipoti ya Kenya hakuna usajili. Ile karatasi ya kusubiri kitambulisho haihesabiki. Kwa kijana wa Voi mjini hilo ni usumbufu wa wiki kadhaa. Kwa mtu wa mpakani Taveta linaweza kuwa kizuizi cha maisha. Wapare wa upande wa Kenya, ambao ndugu zao wako ng'ambo ya pili ya mpaka huko Same na Mwanga, wamelalamika miaka mingi kwamba wakiomba vitambulisho huonekana wageni. Pwani tunaujua mwisho wa hadithi za aina hii, kwa mabaya na kwa mazuri. Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 kudai uraia. Walipotambuliwa na kupewa vitambulisho, wengi wao waliweza kupiga kura mwaka 2017 kwa mara ya kwanza. Wapemba wakafuata mwaka 2023. Katika visa vyote viwili tume ya uchaguzi haikuwa na la kufanya mpaka ofisi nyingine ilipofungua mlango. Mtu anayelaumu vijana wa mpakani kwa kutojiandikisha aanze kwa kuuliza wangapi wana kitu cha kuonyesha.

Kongo ni kinyume chake. Huko kwa miongo mingi raia hakuwa na kitambulisho cha taifa, na kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho. Watu wa Goma na Bukavu walipanga foleni za usajili hata kama hawakuwa na hamu na mgombea yeyote, kwa sababu bila kadi hiyo hupiti kizuizini wala hupokei pesa. Mfumo huo una kasoro zake, lakini unafundisha kitu: watu hujiandikisha kwa wingi pale usajili unapowafaa maishani siku za kawaida. Kenya iliachana na kadi ya mpiga kura, ile ambayo wanasiasa walizoea kuinunua na kuichoma katika ngome za wapinzani wao. Tukabaki na karatasi ndogo ya kukiri kwamba umesajiliwa, ambayo watu wengi huipoteza kabla ya kufika nyumbani.

Ndiyo maana kampeni za kusajili watu kwa kishindo huishia kwa aibu. Mwezi Oktoba 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ililenga wapiga kura wapya milioni 6 nchini. Waliopatikana walikuwa takriban milioni 1.5. Awamu ya pili, Januari na Februari 2022, ikaongeza milioni 1 hivi. Idadi ya vijana waliosajiliwa ilishuka kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na 2017, na kijana akawa ndiye mada ya kila mahubiri. Mimi sikubaliani kabisa na hoja ya uvivu. Kijana wa Voi anayeendesha bodaboda ana hesabu zake: akishinda kwenye foleni ya usajili, hiyo ni siku ya mapato imekwenda, na anayoyapata ni haki ya kupanga foleni nyingine baadaye. Tume mpya inayoongozwa na Erastus Ethekon ilirejesha usajili wa kuendelea mnamo Septemba 29, 2025, ikiwa na lengo la wapiga kura wapya milioni 6.3. Usajili wa kuendelea unafanyika kwenye ofisi za maeneo bunge. Mtu wa Kasigau, basi, anasafiri hadi Voi mjini kwa nauli yake.

Hapo ndipo jiografia ya kaunti hii inapoingia. Hifadhi za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi zinachukua zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta. Watu wamebaki vilimani, kando ya barabara kuu na reli, mashambani kwenye mkonge na huko Taveta kwenye mifereji ya maji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 340,671. Waliosajiliwa kupiga kura mwaka 2022 walikuwa zaidi ya 180,000, chini ya asilimia 1 ya sajili ya taifa yenye watu milioni 22.1. Kwa urais, kaunti hii ni tone. Lakini igawanye idadi hiyo kwa wadi 20: wastani ni kama wapiga kura 9,000 kwa wadi, na hapo hata kama wote wangejitokeza. Kura ya mtu mmoja wa Sagalla au Marungu ina uzito kwa mwakilishi wadi ambao haitakuwa nao kamwe kwa rais. Na mwakilishi wadi ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti ya bomba la maji, zahanati na barabara ya kijijini.

Sasa mfikirie Mtaita anayefanya kazi Mombasa, na wako maelfu. Amejiandikisha wapi? Wengine wamejiandikisha Changamwe au Mikindani, walikopanga. Wengine wameshikilia vituo vya nyumbani, Mgange au Werugha, kwa sababu ndiko watakakozikwa na ndiko shamba lilipo. Wa kwanza anapiga kura kwa urahisi lakini anamchagua gavana wa Mombasa. Wa pili anachagua gavana wa kwao, ila kila miaka mitano inambidi aombe ruhusa kazini, apande basi hadi Voi, atafute matatu ya kwenda mlimani, na arudi kabla mwajiri hajanuna. Karatasi ya urais ni ile ile popote alipo. Zile tano nyingine ndizo zinazobadilika, na ndizo ambazo hakuna anayemweleza siku anapojiandikisha.

Mwaka 2022 waliosafiri waliona jingine. Kura ya ugavana Mombasa iliahirishwa kwa sababu karatasi zilikuwa na kasoro, ikapigwa Agosti 29. Mtu aliyejiandikisha Mombasa na akawa yuko kwingine kwa kazi alitakiwa kurudi mara mbili. Wangapi walirudi? Jibu lilionekana kwenye foleni fupi za siku ile.

Sheria ya Uchaguzi ya 2011 inamruhusu mtu kuhamisha kituo, mradi aiarifu tume siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Hii ni haki nzuri inayotumiwa vibaya. Kila msimu zinasikika lawama kwamba mwanasiasa fulani amesomba watu kwa mabasi kutoka kaunti jirani ili wajisajili kwenye wadi yenye wapiga kura wachache, na Taveta huongezewa tuhuma za kuvusha watu kutoka Tanzania. Katiba haimtaki mpiga kura aishi mahali alipojisajili. Inataka tu asijisajili zaidi ya kituo kimoja. Ukitia sharti la makazi utamzuia anayesombwa, lakini pia utamzuia yule wa Mikindani mwenye haki ya kusema jambo kuhusu kwao. Mimi ningeacha sharti hilo lisirudi. Mashine ya alama za vidole inamkamata anayejisajili mara mbili. Anayehama mara moja kihalali, hata kwa hongo, ni kazi ya polisi na mahakama.

Ukishamaliza usajili, kuna siku yenyewe. Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni wakati huo lazima apigishwe. Kituo kwa kawaida ni darasa la shule ya msingi, madawati yamesukumwa ukutani, ubao bado una hesabu za darasa la nne. Kwa watu wa kando ya hifadhi, kutoka nyumbani gizani ili kuwahi foleni si mzaha. Ndovu hawajui kuwa leo ni sikukuu ya taifa.

Ndani, mpiga kura anaweka kidole kwenye mashine ya Kiems. Ikimtambua, picha yake inatokea, jina linasomwa kwa sauti mawakala wasikie, anapewa karatasi sita za rangi sita, anaingia kwenye kibanda. Lakini si kila kidole kinatambulika. Mfanyakazi wa mkonge wa Mwatate au Taveta aliyekata majani miaka 20 amebakiwa na ngozi laini isiyo na mistari. Vivyo hivyo wachimbaji wa vito wa Kasigau. "Mzee, jaribu cha upande huu," karani humwambia. Anajaribu. "Na kile kidogo." Mzee anageuza kiganja, anafuta vidole kwenye suruali, anarudia. "Mwanangu, hivi vimekwisha." Foleni nyuma inaanza kuguna. Sheria haimwachi hapo: msimamizi anatafuta jina lake kwa namba ya kitambulisho, picha inalinganishwa na uso, Fomu 32A inajazwa mbele ya mawakala, naye anapiga kura. Wako waliorudi nyumbani baada ya kidole cha tatu kukataa, kwa aibu au kwa kutoambiwa kwamba fomu hiyo ipo. Ukiwa na mzazi mwenye mikono ya kazi, mwambie jina la fomu hiyo.

Na mashine nzima ikikataa? Mwaka huo wa 2022 jirani zetu wa Makueni, huko Kibwezi Magharibi, na sehemu za Kakamega walilazimika kurudia sajili ya karatasi katika vituo vingi, baada ya siku kadhaa za mabishano mahakamani kuhusu iwapo sajili hiyo iruhusiwe. Nakala ya karatasi inatiliwa shaka kwa sababu wakongwe wanakumbuka enzi za sajili yenye marehemu. Tume ya Kriegler, iliyochunguza uchaguzi wa 2007, ilikadiria kulikuwa na majina ya wafu yapatayo milioni 1.2. Kila aliyepoteza uchaguzi tangu hapo amekuwa akisema kura za mshindi zilipigwa na makaburi.

Kuna njia ya pili ndani ya hiyo njia moja: kupiga kura kwa kusaidiwa. Asiyeona, asiyejua kusoma au asiyeweza kushika kalamu anaruhusiwa kuingia na mtu anayemwamini, ambaye anaapa kutunza siri. Asiye na mtu anasaidiwa na msimamizi wa kituo, mawakala wakishuhudia. Kwa mama mzee wa Chawia au Mwanda huu ni msaada wa kweli. Kwa mnunuzi wa kura ni tundu. Mtu aliyepewa pesa huambiwa ajifanye hajui kusoma. Akisaidiwa na msimamizi, inambidi ataje jina la mgombea wake mbele ya mawakala, na wakala wa aliyemnunua anasikia kwamba mali imefika. Mwalimu mstaafu anayedai ghafla hajui kusoma ni kichekesho ambacho kila kijiji kinakijua. Dawa yake ni ngumu, kwa sababu hakuna anayeweza kumpima mtu usomaji kwenye foleni bila kumdhalilisha asiyejua kweli.

Na siri si jambo dogo. Wakenya walishapiga kura bila siri. Mwaka 1988 KANU iliendesha mchujo kwa mlolongo: watu walisimama nyuma ya wakala wa mgombea, wakahesabiwa hadharani, chifu akiangalia. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amechaguliwa bila hata kwenda kwenye kura ya siri. Nchi nzima zilisikika habari za mstari mfupi kushinda mrefu. Mfumo huo ulitupwa mwaka 1990. Na kabla yake mkoloni alikuwa na wa kwake: mwaka 1957, Waafrika walipochagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza na Ronald Ngala akaichukua Pwani, elimu, mali, kipato na utumishi ndivyo vilivyoamua nani apige kura, na mtu mmoja angeweza kuwa na hadi kura tatu huku jirani yake hana hata moja. Mtu mmoja kura moja, kwa siri, ilipiganiwa mara mbili.

Sasa wale wa karatasi moja. Gereza la Manyani, kando ya barabara ya kutoka Voi kwenda Nairobi, liliwahi kuwa kambi ya kuwazuilia watuhumiwa wa Mau Mau. Leo mfungwa nchini Kenya ana haki ya kupiga kura, na haki hiyo ilianzia Pwani: kesi ya wafungwa wa Shimo la Tewa ndiyo iliyowafungulia mlango kabla ya kura ya maoni ya 2010. Mwaka 2022 wafungwa 7,483 walikuwa kwenye sajili, lakini ni kwa urais tu. Walio ng'ambo vilevile. Walianza mwaka 2013 katika nchi nne za Afrika Mashariki. Mwaka 2022 vituo vikawa katika nchi 12, vikiwemo Qatar na Falme za Kiarabu, na waliosajiliwa walikuwa 10,444. Saudi Arabia, waliko mabinti wengi wa Pwani wakifanya kazi za nyumbani, haikuwamo. Hata ingekuwamo, usajili unataka ufike mwenyewe ubalozini, na si kila tajiri anayemruhusu yaya wake kutoka.

Chini yao wako wasiopata chochote. Askari wa wanyamapori aliyeko doria ndani ya Tsavo. Polisi aliyejisajili Voi akapelekwa kulinda kituo Turkana. Muuguzi wa zamu katika hospitali ya Moi mjini Voi, aliyejisajili Bura. Dereva wa lori la masafa marefu anayeelekea Kampala. Wote hawa wamo kwenye sajili, na baadaye huhesabiwa miongoni mwa asilimia 35 ya waliosajiliwa nchini ambao mwaka 2022 "hawakujali".

Dunia imewajibu watu kama hao kwa namna nyingi. Ujerumani, karibu nusu ya wapiga kura walitumia posta mwaka 2021. Ila Mjerumani ana anwani ya nyumba na mtu wa posta anayeijua, wakati sisi tuna sanduku la posta la shule ya mjomba. Estonia inapiga kura kwa intaneti tangu 2005, na mwaka 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa hivyo. Ni nchi ya watu milioni 1.3 hivi wanaoiamini serikali yao na kompyuta zake. Kenya ni nchi ambayo Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017, huku seva ikiwa haijafunguliwa kama mahakama ilivyoagiza. Namibia ilitumia mashine za kielektroniki mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama yake ya juu ikakataa mashine zisizoacha ushahidi wa karatasi. Kilichotuletea utulivu kiasi mwaka 2022 ni karatasi: Fomu 34A, iliyobandikwa mlangoni na kuwekwa kwenye mtandao wa tume, kila mwenye simu akajumlisha mwenyewe. Anayetaka kura ya simu leo Kenya anataka vita vipya.

Zanzibar wana kitu kilicho karibu zaidi na mahitaji yetu. Wana kura ya mapema, inayopigwa siku moja kabla na askari na watumishi wa uchaguzi watakaokuwa kazini. Nayo ina wapinzani wake huko, wanaouliza visanduku vinalala wapi na nani anavilinda, na swali lao ni la haki. Lakini ni swali linalojibika: mawakala walale hapo hapo, lakiri ziandikwe namba, kuhesabu kungoje siku ya wote. Karatasi zote sita zingebaki mikononi mwa muuguzi na askari wa Tsavo, bila seva wala posta. Hiyo ndiyo njia moja ya ziada ambayo ningetaka Bunge liiandike kabla ya uchaguzi ujao. Uhamishaji wa kituo nao ufanyike katika kila wadi badala ya ofisi ya eneo bunge.

Kabla Bunge halijafanya lolote, tarehe zipo. Uchaguzi mkuu ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Siku 90 kurudi nyuma ni Mei 12. Wewe uliyejiandikisha Mgange na unaishi Mikindani, au uliyejiandikisha Mikindani na umerudi kulima Mgange, amua sasa unataka karatasi tano zile ziwe za wapi, kisha uende kwa karani na kitambulisho chako kabla ya siku hiyo.